Mwaka Ambao Hakuna Aliyemwitikia Mama

"Mwi aseo?" mama aliwasalimu, jembe begani.

Wanawake wa mwethya, kundi letu la kuchimba matuta, waliendelea kupiga soga kana kwamba ni upepo tu uliopita. Mama akaenda mwisho wa mstari, akainama, akaanza kuchimba. Nikamfuata, masikio yakiniwaka moto.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Jirani yetu Josphat alikuwa na lori, nalo lilitupandishia maji huku kilimani, juu ya Mumbuni, bila malipo. Kisha akampiga Muringo, msichana wao wa kazi, hadi akamvunja mkono. Kijiji kizima kilisikia kilio. Lakini mahakamani Machakos, aliyesimama kueleza alichokiona alikuwa mama peke yake. Josphat akafungwa, lori likauzwa, nasi sote tukarudi kubeba maji mgongoni kutoka mtoni.

Mutindi, mke wa Josphat, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyamazia mama. Wengine wakafuata. Kanisani benchi letu likabaki la watu wawili. Matangani mama alipewa chai na mtu anayetazama kando. Nilimwona akikonda. Jioni aliniongelesha mambo yoyote yale, hata ndoto za utotoni, kama anayeogopa kwamba sauti isipotumika itapotea. Asubuhi alisalimu tena, kisha akatulia kidogo, akiwapa nafasi ya kujibu.

"Mama, kwani huchoki?"

"Nachoka, Mwelu. Lakini nikinyamaza, watajua nimekubali kwamba siko."

Josphat alipotoka jela, Mutindi alikataa kumfungulia mlango. Aliwaambia wanawake wa kundi waziwazi kwamba mkono wa Muringo haukuwa wa kwanza kuvunjwa nyumbani mle. Siku ya kuchimba iliyofuata alikuja, akasalimu, na marafiki zake wakamgeuzia migongo. Mwanamke wa kumfukuza mumewe! Akabaki amesimama na jembe lake, hajui aelekee wapi.

Mimi ningemwacha papo hapo.

Mama aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda, na sijui ni nini kilichopita moyoni mwake, kwa maana hakuwahi kuniambia. Kisha akasogea, akanisukuma nami nisogee.

"Mutindi, njoo huku," aliita, kwa sauti ya kusikika mstari mzima. "Huku udongo ni laini."

Mutindi alikuja polepole. Walichimba bega kwa bega hadi jua likawa utosini. Jasho lilimtiririka Mutindi hadi kidevuni, na huenda si jasho tu.

"Mama Mwelu," alisema hatimaye, akiegemea mpini. "Huu udongo ni mawe matupu."

"Najua," mama akajibu.

Nikawasikia wakicheka.