Ningoje Darajani, kwa Makofi na Jogoo

Wimbo ukishapendwa na watu wote, umekwisha. Kila mwenye koo huamini kwamba uliandikiwa yeye. Chukua "Ningoje Darajani". Baba yangu huuimba akinyoa ndevu, na kwa kuwa ubeti wa pili haujui, hapo hujaza miluzi. Kwaya ya mtaani kwetu iliuokoa: mpenzi akawa Mwokozi na daraja likahamia mbinguni. Kuna bendi ya harusi iliyoupiga mbio hata yule anayengojwa akawa ameshafika kabla hajaitwa. Yote hayo niliyasikia nikanyamaza. Aliyenishinda ni Shemeji.

Alikuwa shemeji wa Meneja wetu, kaka wa mkewe, lakini ofisi nzima tulimwita Shemeji kana kwamba ni cheo. Sisi tulikuwa watu wa simu wa ofisi ya maji: chumba kimoja, meza mbili, na feni iliyogoma kugeuka, ikawa inampepea Meneja peke yake. Maji yakikatika watu hupiga simu, na tukizidiwa, mtambo huwasubirisha. Zamani uliwasubirisha kwa mlio mkavu, tuu, tuu. Meneja akaona mlio ule hauna heshima. Akamwita Shemeji na kinanda chake, aurekodi upya wimbo ambao kila mtu anaupenda.

Akaurekodi kweli. Kinanda kilijipigia ngoma chenyewe, naye akakifuata kwa nyuma kama mtu aliyeachwa na basi. Pale ambapo sauti inatakiwa ishuke taratibu, mtu amesimama darajani na jua linazama, Shemeji alibonyeza kitufe cha makofi. Makofi! Mwishoni kabisa, akamwita jogoo.

Tangu siku ile wateja walitufikia wakiwa wamechemka. Mzee mmoja aliniambia, "Binti, maji nimeshavumilia. Hilo linalolia humo ndani ni kitu gani?"

"Ni wimbo, mzee. 'Ningoje Darajani'."

Akaguna. "Mimi nilimposa mke wangu kwa wimbo huo. Angeusikia hivi angenikataa."

Nikacheka, lakini kilio kilikuwa karibu. Mwenzangu wa meza ya pili, Mama Pacha, alinikanya. "Wewe cheka kwa ndani. Ijumaa si unasainiwa mkataba wa kudumu? Shemeji ni mkono wa Meneja. Ukiukwaruza, unaikwaruza na kalamu yake."

Alikuwa na haki ya kunionya. Tangu nimalize diploma nilikuwa kibarua wa kuongezewa muda, leo nipo, kesho sijui. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba Ijumaa binti yake anakuwa mfanyakazi kamili, na mmoja alikuwa ameshaniletea mtoto wake nimtafutie kazi.

Ijumaa yenyewe bomba kuu likapasuka. Mji mzima ukakauka na mji mzima ukapiga simu. Mtambo ukaelemewa, tukamwita fundi wa mitambo, tuliyemwita Waya kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipande cha waya mdomoni. Akaingia chini ya meza yangu, zikabaki soli za viatu nje. Akachomoa hiki, akachomeka kile. Muziki wa Shemeji ukakatika katikati ya makofi.

Kisha nikasikia watu wengi kwa pamoja kwenye hedfoni zangu.

"Halo? Ofisi?"

"Ofisi gani? Na mimi naitafuta ofisi!"

"Basi fungulia maji!"

"Fungulia wewe! Mimi nina sabuni mwili mzima!"

Waya alikuwa amewaunganisha wote waliokuwa wakisubiri, wakawa wanasikiana, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ofisi. Mama mmoja alikuwa anamgombeza mama mwingine kwa ankara. Mtoto wa mtu alikuwa anapiga kelele nyuma.

"Jamani," nikasema, "ofisi ni mimi."

Wakanigeukia wote. Mafundi walikuwa shimoni na bomba, na mimi nilijua tu kile walichojua wapigaji, kwamba hakuna maji. Nikafungua mdomo niseme "tafadhali subirini". Wiki nzima nilikuwa nimeusikia wimbo ule ukiteswa, na sasa ukatoka wenyewe, wima, kama ulivyozaliwa:

"Ningoje darajani, mpenzi, nachelewa lakini naja..."

Nikajua nimekwisha.

Ndipo yule wa sabuni akaitikia. Sauti nzito ya bafuni, yenye mwangwi. Mama wa ankara akashika ya juu, na yule aliyekuwa akigombezwa naye akaingia chini yake, sauti zikaoana vizuri hata nikashangaa. Yule mtoto akapata ndoo akaanza kuipiga. Ndoo yenyewe siku ile haikuwa na kazi nyingine. Kwenye ubeti wa pili nikakosea, bibi mmoja akanisimamisha: "Rudi, mwanangu, hapo si hivyo. Hapo unavuta." Tukarudi. Tukavuta.

Mama Pacha akabonyeza spika, chumba kizima kikasikia, naye akaingia na makofi halisi ya mikono miwili. Waya akatoa kichwa. "Nimeiona shida. Nirekebishe?"

"Gusa waya huo uone," Mama Pacha akamwambia.

Katikati ya kiitikio mtu akapiga kelele, "Yanatoka! Kwangu yanatoka!"

"Usikate, dada, malizia ubeti!" wakamwambia. Akamalizia, maji yakisikika nyuma yake yakijaa kwenye karai. Nimesikia wimbo ule ukipigwa na bendi, kwaya, vinanda na mluzi wa baba. Haujapata kuimbwa vile.

Mlango ukafunguka. Meneja, mkataba wangu mkononi, na nyuma yake Shemeji na kinanda chake ndani ya mfuko.

"Nani amezima muziki wa Shemeji?"

Kabla sijajibu, spika ikajibu. Ni yule wa sabuni. "Afadhali leo, ofisi! Yule wa kinanda alikuwa anatuua."

"Amekoma kuua," nikasema, na wote kwenye laini wakacheka. Mama Pacha akazima spika, lakini maneno yalikuwa yameshafika.

Shemeji aliketi kwenye kiti cha wageni. Hakufoka; angefoka ingekuwa afadhali. "Nilihangaika wiki nzima kuurekodi wimbo ule," alisema.

Meneja akanivuta kando ya feni. "Binti, muombe radhi. Neno moja tu. Mkataba huu hapa, kalamu hii hapa. Huyu akienda na huzuni kwa dada yake, mimi leo nalala wapi?"

"Sema tu, mwenzangu," Mama Pacha akanong'ona. "Mdomo hautapasuka."

Nikamfikiria mama na majirani zake. Nikakitazama kile kikaratasi. Kisha nikamwendea Shemeji.

"Shemeji, wewe si mtu mbaya. Ningekukanyaga mguu, ningekupigia magoti. Lakini wimbo ule uliutia makofi mahali ambapo mtu analia."

Akawaza. "Nikiyaondoa makofi?"

"Na jogoo."

"Jogoo nampenda."

"Mtu anangojwa jioni, Shemeji. Jogoo ametoka wapi?"

"Jogoo habanduki."

Meneja akaifunika kalamu yake, akaiweka mfukoni taratibu ili nione inavyozama. "Mara ya mwisho, binti. Unamwomba radhi au humwombi?"

"Simwombi."