Suruali ya Meneja

Mimi kazi yangu ni kupiga picha, na sipendi kuchezewa. Zile nyumba ambazo daktari ameshasema mgonjwa arudishwe akapumzike, naenda bure, ni zawadi yangu. Ila zawadi hiyo ina maudhi yake. Watu wananuna kama wanapigwa picha za kitambulisho, halafu eti nifanye haraka mzee asichoke. Mzee mwenyewe ndiye pekee asiye na haraka.

Mgonjwa mmoja, fundi cherehani, alikuwa wa aina yake. Nilipokwenda kuangalia mwanga wa chumba, alimtuma mkewe jikoni akalete maji, kisha akaninong'oneza nitazame ukutani. Picha tele: harusi, watoto, wajukuu. Katika zote mkewe amefumba mdomo kama aliyemeza dawa chungu. Alikuwa na pengo la jino la mbele tangu usichana, na kila akicheka mkono hupanda mdomoni.

"Kicheko chake ndicho kilichofanya nimuoe," fundi alisema. "Nikishaondoka, wajukuu watatazama huu ukuta wadhani bibi yao aliishi na mtu asiyempenda. Nipatie kicheko hicho, binti yangu. Kizima, bila mkono."

Nikamwambia mimi ni mpiga picha, si mchekeshaji. Akasema uchekeshaji nimwachie yeye.

Sasa, mtoto wake wa kwanza walimwita Meneja, kwa jinsi alivyopenda kupangia watu maisha. Meneja alitaka picha ya heshima, suti tupu, hakuna mchezo. Bahati mbaya alikuwa amenenepa na suruali ya suti imembana. Baba akasema ailete, ataipanua mwenyewe, kwa mkono, hapo hapo kitandani. Nyumba nzima ikatokwa na machozi. Kazi ya mwisho ya baba, jamani! Mimi nilimwona akiishona. Mshono wa nyuma aliupiga kwa uzi wa kushikiza tu, ule wa muda ambao fundi huupiga kabla ya kupitisha cherehani, na ambao hata mtoto mchanga angeufumua. Akanikonyeza. Nikageukia dirishani nisije nikamharibia.

Siku ya picha, Meneja alitupanga kama viti vya ukumbini. Huyu huku, yule kule, mama asogee, mpiga picha arudi nyuma. Mimi! Nilimeza hasira kwa sababu nilijua kinachomngoja. Tulipomaliza picha ya heshima, fundi, aliyekonda hadi kola inamzunguka shingoni, akamwambia mkewe anahisi kizunguzungu, amshike mikono yote miwili asianguke. Mama wa watu akamshika, macho yamemlengalenga. Fundi alikuwa amechoka kwelikweli, na siku nyingine ya kujaribu haikuwepo.

Akaisukuma kwa goti leso iliyokuwa mapajani mwake. Ikaangukia upande wa mama.

"Niokotee, baba," akamwambia Meneja kwa sauti ya kuhurumisha.

Meneja akainama, amempa mama yake mgongo. Suruali ikaachia kuanzia mkandani hadi heshima ilipoishia, na ndani alikuwa amevaa bukta ya maua.

Halafu mama akapasuka. Alitaka kuziba mdomo, mikono haikutoka. Fundi alikuwa ameing'ang'ania kwa nguvu ambazo sijui alizificha wapi. Mama akacheka, pengo nje, machozi yanashuka, na fundi hakuitazama kamera hata kidogo. Alimtazama yeye. Nilipiga, nikapiga, Meneja akiniamuru niache huku ameshika suruali kwa nyuma. Nilikuwa nalia, sifichi.

Fundi alifariki kabla sijawapelekea picha. Msibani Meneja aliweka ile ya heshima, wote wamenuna. Baada ya mazishi mama akaja mwenyewe studio kwangu, hata salamu hakuimaliza, akaitaka ile nyingine. Nikampa. Aliitazama mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kufariji, kazi nisiyoiweza.

"Aliniambia nimshike asianguke," akasema. "Kumbe mimi ndiye niliyeshikwa."

Akacheka. Mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni, kama kawaida yake. Ulipofika nusu ya njia akautazama, akaurudisha juu ya picha.