Kahawa ya Kijivu

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Nabra alisogeza kile kimeza cha maua ya plastiki kilichokaa mbele ya televisheni, kwa sababu mara ya mwisho mumewe alijikwaa hapo alipokuwa anatoka. Akaegesha jiwe kwenye mlango wa mbele ili upepo usiufunge. Kisha akamwita Saadiya wa nyumba ya pili, akamwambia filamu inakaribia kuanza, aje na kiti chake.

Mumewe, Fikri Dawud, alifariki Kairo miaka mingi nyuma na akazikwa huko huko. Enzi za uhai wake alikuwa mwigizaji, wa zile filamu zisizo na rangi ambazo Misri nzima inazijua neno kwa neno. Aliigiza bawabu. Asipokuwa bawabu alikuwa mpishi, na asipokuwa mpishi alibeba sinia. Katika filamu zote aliitwa Idris, hata kama filamu yenyewe haikuwa na uhusiano wowote na ile iliyotangulia. Watu wa Kairo waliona hiyo ni sawa tu, Mnubi aitwe nani tena.

Tangu kuanzishwa ile chaneli ya filamu za zamani, kila filamu yake ikionyeshwa Fikri hutoka ndani ya televisheni. Hutanguliza mguu wa kulia, kama mtu anayeingia msikitini, halafu wa kushoto, na kanzu yake, kilemba chake, mshipi wake mpana na sinia lake. Wa kijivu kuanzia unyayo mpaka kilemba. Kahawa anayoleta nayo ni ya kijivu. Haina tangawizi, maana watu wa Kairo hawajui kupika kahawa, lakini ni ya moto, na kwetu hakuna anayekataa kikombe cha mwenye nyumba.

"Shemeji," Saadiya humwambia kila mara, "kahawa yako hii tangu enzi za mfalme haijapata sukari?"

"Kahawa wako iko tayari, bwana kubwa," Fikri humjibu.

"Leo mimi ndiye bwana mkubwa! Haya, Mungu akuzidishie."

Hapo ndipo penye uchungu. Fikri alikuwa anakijua Kiarabu kuliko imamu wetu. Alikuwa akiwasomea gazeti wazee mtaani Abdin, huko Kairo, na akikosoa makosa ya waandishi kwa sauti. Ni mwongozaji wa filamu aliyemwambia: kivunje hicho Kiarabu, Mnubi anayesema sawasawa hachekeshi mtu. Akakivunja, kwa kuwa alikuwa na mke na mtoto wa kulisha. Sasa amekufa, na maneno aliyobaki nayo ni yale tu ambayo filamu ilimwachia.

"Sauti ya Idris imeila sauti ya Fikri," Nabra alimwambia Saadiya siku moja wakichambua majani ya mboga ya mloheya. "Nikifumba macho nikumbuke alivyokuwa akiniita, ninachosikia ni bwana kubwa, bwana kubwa. Nimechoka, Saadiya. Nataka aniite jina langu kwa lugha yetu, mara moja tu, kabla sijafa. Sitaki kingine."

Saadiya, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, siku hiyo aliendelea kuchambua tu.

Yafaa nieleze habari ya mlango. Katika kijiji chetu cha zamani, ambacho sasa kiko chini ya ziwa pamoja na mitende yake, wanaume walikwenda Kairo na wanawake wakabaki. Na ilikuwa desturi: nyumba ambayo mwanamume wake yuko safari haifungwi mchana. Hata mchanga uvume, utashusha pazia, lakini mlango huugusi, kwa maana kuufunga ni kama kusema harudi. Serikali ilipotuhamisha kupisha maji ya bwawa, wanawake walimwagia maji makaburi, wakafagia nyumba ambazo hakuna atakayezikanyaga, wakafunga milango na kuja na funguo zao za mbao. Nabra hakufunga. Fikri alikuwa Kairo, na hakuwa ametuma habari kwamba anarudi. Kwa hiyo huku karibu na Kom Ombo, kwenye nyumba walizotupangia mistari kama viberiti dukani, kila ukuta una ufunguo uliotundikwa isipokuwa ukuta wake.

Fikri akishagawa kahawa huenda kusimama kwenye mlango ule wenye jiwe, mikono nyuma, kama bawabu. Mbele yake hakuna mto. Kuna mgongo wa nyumba nyingine. Yakija matangazo ya sabuni na ya samli, huwa hakuna aliyemwagiza kitu, basi hukaa kimya pale pale. Huo ndio wakati wa Nabra. Huvuta kigoda karibu naye, akampangusa vumbi kwenye mkono wa kanzu, akampa habari: nani kaoa, nani kazikwa, mbuzi yupi kazaa mapacha. Fikri hutazama mbele. Tangazo likiisha, huitwa, naye huenda.

Filamu ya Ijumaa hiyo haikuwa kama nyingine. Fikri mwenyewe aliwahi kumsimulia habari zake, katika likizo yake ya mwisho. "Kuna mahali Idris anashika simu ya bwana wake kwa wizi, azungumze na mkewe," alimwambia. "Wakaniambia bwabwaja chochote kwa hiyo lugha yenu. Nibwabwaje nini, na mimi nina mke? Nikasema na wewe, Nabra. Siku ikionyeshwa, sikiliza." Hakurudi tena. Filamu nayo ilipotea, hadi chaneli ilipotangaza kwamba imepatikana kwenye ghala.

Ashri, mjukuu wake wa kike, alikuwa amekuja kwa likizo. Yeye ni mwalimu wa kemia Kairo. Aliingia sebuleni akachukua rimoti, hakukaa.

"Bibi, leo tusiwashe."

"Hee! Kwa nini tusiwashe?"

"Kwa sababu babu akija kwako Ijumaa, Jumapili, wiki ya shule ikianza, anakuja darasani kwangu. Nikigeukia ubao tu, nasikia nyuma: kahawa wako iko tayari. Darasa linaangua kicheko. Namwambia mwalimu mkuu, naye anacheka, ati watoto wanakupenda, mwalimu."

"Watoto hawana adabu siku hizi."

"Na watu wazima je? Mama mmoja alinikuta ngazini kwenye jengo letu, akanibebesha mifuko yake ya soko. Hata salamu hakutoa."

"Ukamwambia nini?"

"Niliipandisha mpaka ghorofa ya tatu, bibi. Nilipoitua ndipo nikajiuliza kwa nini nimeibeba."

Nabra alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake mawili, na lile lilimchoma. Lakini saa ilikuwa imefika, na Saadiya alikuwa anavutavuta kiti chake.

"Njoo hapa, mama," Nabra alisema. "Nipe hii moja. Humu anasema na mimi. Akishaniita jina langu, zima. Kata hata waya, sitakuuliza."

Ashri alitazama kimeza kilichosogezwa, akatazama jiwe la mlangoni. Akawasha, akakaa sakafuni miguuni pa bibi yake.

Fikri alitoka mapema, wakati majina ya waigizaji bado yanapita. La kwake lilikuwa la mwisho, nalo lilikosewa. Akagawa kahawa. Alimpa Ashri kikombe akamwita bwana kubwa, na Ashri akasema ahsante, babu, kwa adabu zote. Akaenda mlangoni, akaitwa, akarudi ndani ya kioo, akatukanwa na mke wa bwana wake kwa kuvunja chombo ambacho kilivunjwa na paka. Yakaja matangazo. Nabra hakumpa habari zozote mara hii. Alikaa na mikono mapajani, kama msichana anayesubiri wachumba.

Kisha Fikri akatoka tena, na safari hii alikuja na simu. Ilikuwa simu nzito ya kijivu, waya wake umenyooka kutoka kwenye televisheni, ukapita juu ya zulia. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi. Akainua mkono wa simu, akageuka, akamtazama Nabra.

Kinyago cha Idris kilidondoka usoni pake. Sina namna nyingine ya kulieleza hilo. Alikuwa Fikri, amechoka, amekonda kidogo, na midomo yake ikafunguka.

Ikatoka tarumbeta.

Pwaa, pwaa-pwaa, na kingoma chini yake, ile sauti wanayoipiga kwenye sarakasi punda akianguka. Midomo ya Fikri ilikuwa inakwenda taratibu, kwa upole, na kila neno lilitoka tarumbeta. Nyuma yake, ndani ya kioo, wageni wa bwana walikuwa wamejificha nyuma ya pazia wakicheka mpaka wanashikana mabega. Watu wa filamu walibandika ile sauti baadaye, yeye akiwa ameshaondoka studio. Asiyekuwepo na lake halipo.

Chumbani hakuna aliyecheka. Saadiya, anayecheka hata msibani, alitua kikombe chini.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nabra aliona ulimi wa Fikri ukigusa meno, aliona midomo ikikutana katikati ya jina na kuachana. Aliona jina lake zima. Kisha akaona neno mlango, na neno maji, na baada yake mambo ambayo mtu humwambia mkewe akidhani dunia nzima haimwelewi isipokuwa yeye. Tarumbeta haikunyamaza hata kidogo.

Nabra aliinama mbele. Akamjibu kwa lugha yetu, polepole, kama unavyomjibu mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Uko wazi, Fikri. Niliuacha wazi."

Fikri alisikiliza mpaka mwisho. Ndani ya kioo bwana wake alitoka nyuma ya pazia, akapiga makofi. Fikri akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Naam, bwana kubwa," akasema, na akaingia.

Vikombe vilibaki, kama kawaida. Ashri alivikusanya akavisafisha, akavipanga kabatini pamoja na vingine vya kijivu. Aliporudi, bibi yake alikuwa amemshikia rimoti.

"Nilikuahidi," Nabra alisema. "Zima. Kata waya."

Ashri aliipokea, akaigeuzageuza mkononi.

"Wanairudia Ijumaa ijayo," alisema. "Nikizima hapa kwetu, Misri nzima itakuwa imewasha. Atatoka aende kwa nani?"

Akaiweka rimoti juu ya kimeza, kando ya maua, na kimeza akakiacha pale pale kilipokuwa kimesogezwa. Jumamosi alipanda treni.

Shule zilipofunguliwa, alipiga simu jioni, sauti yake imekauka kwa chaki.

"Bibi, leo darasani wamekuita."

"Wameniita mimi? Wananijulia wapi?"

"Nilikuwa naandika ubaoni. Mmoja akaanza ile tarumbeta kwa midomo, wakaipokea wote. Pwaa, pwaa-pwaa. Nikaitika."

"Uliitika?"

"Nilisema naam, bibi yangu hayupo, nitamfikishia. Wakacheka zaidi."

Nabra aliihamishia simu sikio la pili.

"Katika wote hao," aliuliza, "kuna hata mmoja aliyelitamka sawasawa?"

"Hapana, bibi. Hakuna."

Nabra alimwambia ajifunike vizuri, Kairo kuna baridi. Akakata simu, akaenda kuangalia kama lile jiwe la mlangoni lilikuwa bado mahali pake.