Fundo la Bibi Mwaija

Asubuhi ile, kabla Adila hajatoka nyumbani kwao Mapinga, mama yake alimtanda kanga mabegani, kisha akamshikisha pindo lenye fundo lililokaza kama kokwa la embe.

"Hili limetoka Mkange kwa bibi yako Mwaija," alisema. "Kaifunga mvua mpaka mchezo wa mdogo wako uishe. Usilifungue, wala usimpe mtu alishike."

"Sawa, mama."

Adila alikuwa amehitimu chuo cha ualimu, na somo lake lilikuwa jiografia. Alijua mawingu yanapikwa wapi. Lakini alijua pia kwamba hakuna harusi ya ukoo wao iliyowahi kulowa, na njia nzima aliipapasa kwa vidole ile chumvi ya mawe iliyofungwa mle ndani.

Mdogo wake, Najim, alikuwa kidato cha nne. Siku hiyo shule yake ilicheza besiboli na vijana wa Chalinze, na mshindi angekwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Kwa Najim ulikuwa mwaka wa mwisho. Gongo lake la kupigia mpira alilala nalo kitandani kama mtoto mchanga. Wakati wa chai alikuwa amemweleza dada yake sheria moja: mvua ikikatisha mchezo kabla ya awamu ya tano, mabao yote yanafutwa.

"Inakuwa kama hatujacheza," alisema, akichovya andazi.

Watazamaji walikalia madawati yaliyotolewa madarasani. Wengi hawakuujua mchezo wenyewe, ila kejeli hazihitaji kufundishwa. Zamu ya kwanza ya Najim, mrushaji wa Chalinze alirusha mara tatu, na mara tatu gongo likakata upepo.

"Anapunga inzi huyo," alisema mama mmoja muuza mihogo.

Zamu ya pili ikawa vilevile.

"Mpeni fagio, pengine atalijulia."

Dawati zima likacheka. Adila akajikunyata. Tangu utotoni hakuweza hata kumtazama mtoto wa jirani akikaripiwa, sembuse huyu aliyembeba mgongoni.

Ikafika awamu ya nne. Chalinze walikuwa mbele kwa mabao mawili, na upande wa Kerege wingu lilikuwa limesimama, zito, jeusi kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Najim akaitwa mara ya tatu. Wenzake watatu walikwisha kushika vituo vyote vitatu, wanamngojea yeye tu apige wakimbie kituo cha mwisho, wanakokuita nyumbani, kufunga mabao. Aliinua uso akatazama madawatini, akimtafuta dada yake.

Adila aliinama. Ya Rabbi, mwepushie aibu hii, aliomba moyoni, na kabla dua haijakwisha kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye fundo. Lilikuwa gumu. Akalivuta kwa meno. Chumvi ikamwagika majanini pamoja na pilipili mbili kavu.

Hapo ndipo aliposikia mlio kama wa nazi iliyoangukia bati.

Alipoinua kichwa, mpira ulikuwa juu ya mikorosho, ukienda, na hakuna mtu aliyehangaika kuufuata. Wale watatu walikimbia wakarudi, na Najim nyuma yao, mikono hewani. Mama wa mihogo alisimama juu ya dawati akipiga vigelegele. Sasa shule ya Najim ilikuwa mbele kwa mabao mawili. Adila akashika pindo tupu, akalifunga upesi, likalegea, akalifunga tena. Tone la kwanza lilimpiga kiganjani wakati Najim bado anakumbatiwa.

Mvua ile haikupiga hodi. Walingoja barazani mpaka uwanja ukawa bwawa, na mabao yote yakafutwa. Siku nyingine haikuwapo, kwa hiyo Kocha Haji wa shule ya Najim akatia vizibo viwili vya soda kwenye kofia yake, kimoja kimekunwa kwa msumari, manahodha wachague: atakayetoa kilichokunwa ndiye wa kwenda Dar es Salaam. Kilichokunwa kikaangukia Chalinze.

Wakarudi nyumbani kwa miguu.

"Dada, nipe kanga nijifute."

Alijifuta uso, shingo, akafika kwenye pindo. Akasimama njiani.

"Limefunguka?"

Adila angeweza kusema ndiyo.

"Nimelifungua mimi."

Alingoja amuulize habari ya mvua.

"Kabla sijapiga, au baada?"

"Kabla."

Najim aliikunja kanga taratibu, akamrudishia.

"Mvua haina neno," alisema. "Mvua ni mvua. Kumbe wewe ulishaona sitapiga."

"Sikutaka wakucheke, Najim."

"Wale nimewazoea. Ningecheka nao kesho." Akaliweka gongo begani, akatangulia.

Mama yao alikuwa mlangoni. Hakuuliza matokeo, aliyasoma usoni mwao. Aliuliza, "Fundo liko wapi?"

Adila akafungua mdomo.

"Lililowa, mama," Najim alimuwahi. "Likalegea lenyewe."

"Basi Mungu hakupenda," alisema mama, akaichukua kanga akaanza kuikamua, huku akimpa Adila pole kwa kulowa.

Adila akaipokea ile pole. Ndani, Najim aliliegemeza gongo nyuma ya mlango, pamoja na mafagio.