Beseni la Juu ya Paa

"Mama, hebu sogea uone," mwanafunzi alisema bila kuinua jicho kwenye hadubini. "Leo kuna maajabu."

Msafishaji aliegemeza ufagio ukutani. Maajabu hayo aliyajua. Aliyazoa mwenyewe, koridoni, nje ya choo.

Katika jengo lile kila mtu alikuwa na kitu chake cha kuchunguza, na yeye alibaki na takataka za wote. Mtaalamu wa miamba aliacha vipande vya mawe kila kona. Wa matetemeko hakutaka mtu afagie kwa nguvu karibu na mashine yake, eti itadhani ardhi imetikisika. Wa mvua aliingia na matope, na wa nyota alisinzia mezani mchana kutwa. Binti huyu mwanafunzi ndiye pekee aliyemwita Mama. Yeye alichunguza vumbi linaloanguka kutoka huko mbali, kupita mawingu. Tangu mvua zilipokatika alikuwa ameweka beseni jeupe juu ya paa, alinase vumbi hilo.

Juzi msafishaji alipanda paani kuzibua mfereji. Akaliona beseni: chafu, kinyesi cha ndege ukingoni. Mkono wake haukusubiri kuuliza. Alilisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, na maji akashuka nayo akayamwaga kwenye chungu cha maua cha mlangoni, maana yeye hapotezi maji. Alipolipindua likauke ndipo akaona maandishi kwenye kitako: USIGUSE.

Angeweza kusema palepale. Badala yake alichota vumbi la koridoni kwa kizoleo, akalirudisha beseni mahali pake, akalisambaza vumbi ndani kwa kidole, taratibu, kama anayenyunyiza unga.

"Unaona hizo nyuzi?" binti aliuliza. "Bluu na nyekundu."

"Labda ni upepo."

"Upepo wa zulia?" Binti alicheka, kicheko kikaishia njiani. "Kesho kutwa nasimama mbele ya walimu wangu. Niwaambie anga limefuma sweta?"

Msafishaji alijaribu kucheka pia.

"Itakuwa sweta langu," binti alisema, akivuta mkono wa nguo yake. "Mimi mzembe, Mama. Msimu mzima nimeuharibu mwenyewe."

"Si wewe."

"Nani sasa?"

"Mimi. Nililiosha beseni. Kwa sabuni. Halafu nikatia vumbi la koridoni usijue."

Binti alizima taa ya hadubini. Akaiwasha. Akaizima tena.

"Jana umeniletea chai. Ukaniuliza kazi inaendaje."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Binti akasimama. "Maji uliyamwaga wapi?"

Msafishaji alimwonyesha chungu cha maua. Binti aling'oa ua, akakung'uta mizizi, akamwaga udongo wote juu ya magazeti pale mlangoni. Sumaku akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa baadhi ya vumbi la angani lina chuma. Msafishaji alipiga magoti upande wa pili, akavunja mabonge kwa vidole, pumzi ameibana asije akapeperusha kitu.

Mtaalamu wa miamba alipita. "Mmefungua bustani?"

Msafishaji alivunja bonge jingine.

Kwenye plastiki viliganda vidoa vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Binti aliviinua kwenye mwanga.

"Ndivyo vyenyewe?" msafishaji aliuliza.

"Sijui. Inaweza kuwa kutu ya mabati."

Msafishaji akainama, akapitisha sumaku tena.

Udongo ulikuwa umetapakaa mpaka kwenye ngazi alizopiga deki asubuhi. Mkono wa msafishaji ukaanza kuutafuta ufagio. Akaurudisha mkono, akaukalia.