Wifi Toshie na Mgongo wa Farasi

Kaka yangu Yoshiharu alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado shuleni, na yeye ndiye aliyenilea, kwa mshahara wa kiwanda cha viatu pale Nagata. Jioni alirudi ananuka gundi, akaoga, akala, akalala. Lakini Jumapili tulipanda milima ya Suma, na huko juu alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alipooa, tukawa watatu. Mwanzo wa njia ulikuwa wa kila mtu: pana, ina kivuli cha misonobari, bahari unaiona chini muda wote, na watoto wa chekechea waliipanda wakiimba. Ilifika kwenye mkahawa mdogo wa chai. Kutoka hapo zilianza ngazi za mawe, za kukata pumzi, na mbele zaidi ndiyo Mgongo wa Farasi: mwamba mweupe, mwembamba, mtupu, unaomomonyoka mchanga chini ya viatu, na pande zote mbili ni bonde.

Wifi yangu Toshie hakuwahi kuvuka mkahawa. Kila mara alikunywa chai yake, akasema miguu inamtetemeka akiufikiria tu huo mwamba, akarudi chini kupanda treni. Tulimkuta upande wa pili, stesheni ya Itayado, amekumbatia mfuko wa viazi vitamu vya moto. Nilimtania sana. Nilimwita wifi wa chai, hata mbele ya watoto wake. Alicheka tu, akatumenyea viazi.

Sasa kaka hayupo, huu mwaka wa tatu. Vuli iliyopita Toshie alinipigia simu akasema majani yamegeuka rangi, twende Suma. Nikamuuliza kama ana hamu ya chai.

“Nataka kuvuka, Wakae,” alisema.

Nilimkatalia. Nilimwambia mimi mwenyewe magoti yananilia nikishuka kitandani, sembuse yeye aliyenizidi umri. Akasema basi atakwenda peke yake. Ikabidi niende.

Pale mkahawani binti wa mama aliyekuwa akiuza chai zamani ndiye anayemimina sasa, naye amekwisha kuota mvi. Tulikunywa tukiangalia meli. Kisha Toshie akainama, akakaza kamba za viatu, akashika njia ya ngazi bila kuniangalia. Tulipanda tukipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe la kukalia. Vijana walitupita wakitusalimu, na sisi tukajifanya tumesimama kutazama mandhari.

Kwenye Mgongo wa Farasi nilijiandaa kumshika mkono. Hakuungoja. Alitangulia, akitua mguu kwa upande, kisigino kwanza, kama kaka alivyonifundisha. Mwamba ulipoinama alichuchumaa, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma ya jabali, akashika mwanya ambao huuoni mpaka uwe unaujua. Nilisimama pale na upepo ukinipiga masikioni. Kisha nikamfuata mpaka tulipofika upande wa pili, chini ya miti, tukakaa.

“Wifi, ulishawahi kupita hapa.”

“Kabla ya ndoa. Mara mbili. Mara ya pili ndipo kaka yako aliponiposa, pale palipoinama. Nilimwambia angoje kwanza tufike penye usalama.”

“Na ile miguu kutetemeka?”

Alifungua furoshiki, kitambaa alichofungia chakula, akanipa tonge la wali lenye plamu ya chumvi.

“Nyumbani alikuwa hasemi,” alisema. “Halafu Jumapili nawaona mnashuka Itayado, wewe macho mekundu, yeye uso umefunguka. Nikajua huku mnamzungumzia mama yenu. Ningekuja mimi, angenyamaza. Namjua.”

Nililiweka lile tonge magotini. Yeye akaendelea kula taratibu, akipangusa punje za wali kidoleni.

“Sasa niambie,” alisema. “Alikuwa anasema nini?”

Nikamwambia niliyoyakumbuka. Namna mama alivyokanyaga figili za kusindikwa kwa chumvi kwenye pipa huku anaimba. Hofu ya kaka kiwanda kilipoanza kupunguza watu. Na ile Jumapili baada ya kuzaliwa mtoto wao wa kwanza, alipotembea akicheka peke yake, akaniambia kwamba anaona haya kuwa na furaha kiasi hicho. Toshie alisikiliza akiwa amefumba macho. Mengine nilikuwa nimeyasahau, na nilimwambia hivyo. Akasema hakuna haraka.

Tulishuka jua likiwa bado juu, tukishikana mikono, maana goti lake lilikuwa limeanza kuvimba. Tangu siku hiyo daktari amemkataza ngazi. Tunapanda mpaka mkahawani tu, na mimi nikikumbuka jambo la kaka nampigia simu.

Juzi nilikumbuka kwamba kaka alikuwa hajui kuogelea, ijapokuwa tulizaliwa mita chache kutoka baharini, na alinisihi nisimwambie mkewe. Nilimpigia Toshie nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. Alisema mwaka walipokwenda kisiwa cha Awaji na watoto, kaka alishinda ufukweni amejifunga taulo shingoni kwenye jua kali la Agosti, anasingizia mafua.