Komeo la Mia Saba Kumi na Tisa

Mimi na Lyle Hobart tulikuwa hatusemezani, na chanzo kilikuwa nanga. Mwaka mmoja, kwenye maonyesho ya silaha za zamani pale Pell Creek, Lyle aliweka mezani singe ya Kijapani, kile kisu cha kuchomekwa kwenye mtutu, yenye chapa ya nanga, alama ya jeshi la majini, akawa anainadi kwa mbwembwe zote. Nikaichukua, nikaitia lenzi. Nikasema, tena si kwa kunong'ona, kwamba singe yenyewe ni ya vita lakini nanga ni ya juzi, kingo zake bado kali na chuma ndani yake kinameta. Watu wakacheka mpaka kahawa zikamwagika. Tangu siku hiyo meza zetu hupangwa jirani kila vuli, na hatuazimani hata chumvi.

Basi mnijue. Mimi ni Wanda Kessler, nina ulimi mrefu na sijutii. Singe na bunduki za Kijapani nilifundishwa kuzisoma na baba yangu, Orrin, hata kabla sijajua kuendesha gari. Miduara minne iliyopandana kama maandazi kwenye sahani, hiyo ni ya kiwanda cha Kokura. Ua la mfalme wa Japani juu ya mtutu likiwa limesagwa kwa tupa, bunduki hiyo ilisalimishwa vita vilipokwisha. Ya baba ilikuwa hivyo, ua limesagwa, namba yake ikiishia na mia saba kumi na tisa.

Tatizo lilikuwa komeo, ule mkono wa chuma unaouvuta na kuusukuma risasi iingie. Kila komeo hupigwa chapa ya tarakimu tatu za mwisho za bunduki yake, na la kwetu lilikuwa na tatu sifuri tano. Halikuwa letu. Askari, baba akiwa mmoja wao, waliporuhusiwa kurudi na bunduki za kumbukumbu, makomeo yalikuwa yamechomolewa na kurundikwa kwenye masanduku, na melini kila mtu akajichotea kama viazi. Baba alijua palepale kwamba amepewa la mtu, kwa sababu lilikwaruza. Limemkwaruza tangu ujana wake, na sasa mikono inamtetemeka, na alichobakiza kukitaka duniani ni kuifunga bunduki yake kwa komeo lake, mara moja tu, kabla hajafa. Nami nililitaka kuliko yeye.

Mwaka huu alikataa kubaki nyumbani. Nikamleta na kiti chake cha magurudumu, nikamweka kati ya meza yangu na ya Lyle, nikampa pai ya tufaha.

"Huyu ndiye wa nanga?" akauliza. Baba haisikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia.

"Kula pai yako, Baba."

"Ana sura ya mtu ninayemjua."

"Ana sura ya mwizi. Kula."

Lyle alijifanya anafuta vumbi. Nyuma yake, kwenye kiegemeo cha mbao, bunduki yake ya kujivunia ilikuwa imelala ikichungulia nje ya ukingo wa meza, na kibao juu yake: NAMBA ZOTE ZINALINGANA. USIGUSE. Hakuna aliyewahi kukihakikisha kibao kile. Mlangoni walinzi hufunga kila bunduki kwa kamba ya plastiki, komeo likiwa wazi, na ukiikata humu ndani unatolewa nje na huruhusiwi kurudi tena. Na Lyle hakuruhusu hata kidole.

Hapo baba akapiga chafya. Meno yake ya bandia yakaruka, yakagonga sakafu, yakateleza mpaka chini ya meza ya Lyle.

"Wanda! Beno dangu!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti na sketi yangu ya Jumapili, nikatambaa kati ya viatu vya Lyle na ndoo ya takataka. Nikayaona meno, nikayashika, nikainua kichwa nigeuke. Juu yangu kabisa, kwenye ukingo wa meza, komeo la bunduki ya Lyle lilikuwa limening'inia wazi, na chini ya shina la mkono wake, pale ambapo hakuna anayetazama isipokuwa aliye mvunguni, palikuwa na namba.

Saba. Moja. Tisa.

Niliruka, nikaigonga meza kwa kichwa, singe zote zikalia.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Lyle akasema, maneno yake ya kwanza kwangu tangu nanga.

"Bunduki yako inaishia na namba gani?"

"Soma kibao. Zinalingana."

"Lyle Hobart, usinichezee leo! Inaishia ngapi?"

Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Watu walikuwa wameshaanza kutuzunguka. Akakitazama kibao chake, akanitazama mimi niliyeshika meno ya mzee mkononi, nadhani akaona hakuna pa kukimbilia.

"Tatu sifuri tano," akasema polepole. "Kibao niliandika mimi. Komeo halijawahi kulingana. Baba yangu alirudi nalo hivyo hivyo, likikwaruza."

Nikaichukua bunduki ya baba mezani kwangu, nikaigeuza, nikamwonyesha chini ya komeo. Lyle akainama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mama yangu wee," akasema.

"Mlangoni!" mtu akapiga kelele. "Wapelekeni mlangoni wakate kamba!"

Tukatoka kama harusi. Lyle mbele na bunduki yake kifuani, mimi nasukuma kiti, bunduki yetu mapajani pa baba, na nyuma wauza singe, wauza medali, na mama muuza soseji na koleo lake mkononi. Mlinzi alipoona msafara unamjia aliinua mikono juu mwenyewe. Akakata kamba ya kwanza, akakata ya pili. Lyle akachomoa komeo lake, mimi letu, tukabadilishana.

Baba akakataa kusaidiwa. Aliliingiza mwenyewe, kwa mikono yake inayotetemeka, akasukuma, akaulaza mkono wa komeo chini. Halikukwaruza. Lilipita kama kisu kwenye siagi, likaita "tik" ndogo, na baba akalifungua tena ili alifunge tena. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia mlinzi, nikamkumbatia mama wa soseji pamoja na koleo.

Lyle naye akafunga lake. Tik. Akabaki ameinamisha kichwa.

"Nipe beno dangu," baba akaniambia. Akayavaa, akamkazia macho Lyle. "Babako alikuwa na pengo hapa mbele? Na anaimba vibaya?"

"Vibaya sana," Lyle akasema. "Unamjua vipi?"

"Alikuwa mbele yangu melini, kwenye sanduku la makomeo. Nilikuwa natafuta namba yangu, yeye akachota makomeo mawili, akanitupia moja. 'Chukua, bwana, yote ni sawa!' Nikamwambia si sawa. Akacheka akaenda zake na langu." Baba akaifunga bunduki, tik, akaifungua. "Yuko wapi huyo?"

"Amelala makaburini Ashby, mzee. Kesho nampelekea maua."

"Basi mwambie," baba akasema. "Mwambie Orrin alisema si sawa."

Lyle akacheka na machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. "Nitamwambia," akasema. Kisha akanigeukia. "Na ile nanga niliigonga mwenyewe, ghalani."

"Najua," nikamwambia. "Kesho saa ngapi? Baba atataka kumwambia mwenyewe."